Wembe wa Vidole Vitatu

Kaka yangu Arvo alitoka nyumbani Jumamosi ya tarehe 26 Machi 2011, saa moja na nusu asubuhi, akiwa na ndoo, ndoano na ile keekee ndefu ya mkono tunayotobolea barafu. Alipita kwa mama kunywa kahawa. Alikula vipande viwili vya mkate wa iliki, akasema sukari imepungua, na mama akamwambia basi Jumamosi ijayo apike mwenyewe. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyobaki nayo. Saa nane mchana gari lake lilikutwa ufukweni, funguo zikiwa juu ya kiti. Nyayo zake zilipita gati ya zamani ya kupakilia chuma, zikaenda mbele kidogo, zikaishia kwenye maji meusi. Ndoo ilikuwa inaelea. Yeye hakuonekana siku ile wala baadaye. Maji ya Ziwa Superior ni ya baridi mno huko chini, na wengi wanaozama humo hawaibuki.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo watu wote walikuwa wameshaondoa vibanda vyao vya kuvulia samaki juu ya barafu. Barafu ya mwisho wa Machi imeoza, haibebi mtu, na Arvo alilijua hilo tangu ana miaka mitano. Ndiyo maana watu walianza kunong'ona. Funguo juu ya kiti si kitu. Hapa kwetu, juu kabisa ya Michigan, kila mtu huacha funguo garini. Lakini za Arvo zikageuka kuwa jambo. Mwaka mmoja na nusu nyuma, msumeno wa kiwanda cha mbao ulikuwa umemkata kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia. Kisha mkewe akahamia Minnesota. Kisha Arvo akaacha ndevu zikaota mpaka kifuani. Watu walijumlisha wenyewe. Mimi nauza misumari na rangi kwenye duka la vifaa, na mwaka ule nilizoea kuona mazungumzo yakikatika nikikaribia. Mama mmoja wa kanisani alinishika bega akasema, "Angalau sasa amepumzika." Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nilisimama nalo tu.

Mama alikataa kumwekea jiwe makaburini. "Jiwe la nini? Nani amelala chini yake?" Mchungaji alijaribu, na mimi nilijaribu, naye akaondoka mezani. Lakini nilijua haikuwa habari ya mwili peke yake. Alikuwa na swali ambalo hakuthubutu kulitamka, na mimi nilikuwa nalo hilohilo. Je, Arvo alikwenda kuvua, au alikwenda kufa? Kwa miaka kumi na miwili tulikunywa kahawa pamoja kila siku, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe.

Mimi nilichukua mawe yake ya kunolea. Baba ndiye aliyemfundisha kunyoa kwa wembe wa kukunja, Jumamosi baada ya sauna, bafu letu la mvuke, na Arvo hakutumia kitu kingine mpaka msumeno ulipomchukulia vidole. Mawe yalikuwa kwenye boksi, yamefungwa kwa taulo. Nilianza kununua nyembe kuukuu kwenye masoko ya mitumba, za viwandani, zilizotengenezwa kabla hata baba hajazaliwa, nikawa nazisafisha na kuzinoa. Mwanzoni niliziharibu. Baadaye nikajua.

Novemba iliyopita kulikuwa na mnada mdogo wa vitu vya mtumba kwenye ukumbi wa kanisa la mji wa jirani. Muuzaji mmoja, mama mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa na sahani imejaa visu, vifungua chupa na wembe mmoja.

"Huo usiuchukue, dada," alisema kabla sijaushika. "Aliyeutengeneza alikuwa amelewa."

Niliufungua. Ulikuwa na kutu toka ncha mpaka mkiani. Mpini ulikuwa wa pembe ya paa, mapande mawili, moja limeachia pini. Lakini chuma kilikuwa kinene, na ukingo wa mgongo ulinyooka vizuri. Haukuwa wembe wa kiwandani. Fundi alikuwa ameutengeneza kwa mkono wake. Shingo tu, pale kati ya makali na mpini, ndiyo ilikuwa ya ajabu: ndefu mno, upande mmoja imechimbwa kishimo, upande wa pili imepindwa kama kijiko.

"Umeupata wapi?"

"Boksi zima la mzee fulani wa Wisconsin. Binti yake alikuwa anasafisha karakana. Dola thelathini."

"Kwa kutu hii?"

"Kutu nakupa bure. Thelathini ni ya pembe."

Nilimpa ishirini na tano, akaniambia nina moyo wa jiwe, akanifungia kwenye gazeti.

Nyumbani nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nilipitisha tupa juu ya vichwa vya pini mpaka vikatoka, nikatenganisha mpini na chuma. Nikakilaza chuma kwenye mafuta siku mbili. Kisha nikaanza msasa, kwa mkono, bila mashine, maana mashine hupasha chuma joto na chuma kikigeuka buluu hakishiki tena makali. Nilianza na msasa mkwaruzo, nikashuka taratibu hadi ule laini. Ilinichukua jioni nne.

Nilipofika shingoni niliamua kuirekebisha. Niliona mtu ameiharibu kwa jiwe la umeme: kachimba pale, kapinda hapa. Nikafunga chuma kwenye jiliwa, nimekizungushia ngozi, nikachukua tupa nisawazishe kile kishimo. Nilipiga mara mbili. Tupa iliteleza, chuma kikachomoka kwenye jiliwa, nikakidaka kisianguke, na nilikidaka vibaya, kidole gumba na vidole viwili vya mwisho tu, kwa sababu vile viwili vya mbele vilikuwa bado vimeshika tupa.

Kidole gumba kiliingia kwenye kishimo. Cha pete kikalala kwenye ule mpindo wa kijiko. Cha mwisho kikakaa mkiani. Wembe ulitulia mkononi mwangu kama umezaliwa nao.

Niliweka tupa chini. Nikavikunja vidole viwili vya mbele kwenye kiganja, nikaushika tena. Ukakaa. Nikavinyoosha, ukayumba. Nikavikunja tena. Nikakaa juu ya ndoo ya rangi.

Kuna watu wengi duniani waliokatwa vidole, nilijiambia. Viwanda vya mbao viko kila mahali. Lakini vidole hivyo viwili, mkono huo, na mkono mkubwa, maana kidole changu kilizama kwenye kishimo kikabakiza nafasi pembeni? Nilichukua msasa laini nikasafisha shingo yote, haraka, bila mpangilio, kitu ambacho huwa sifanyi. Chini ya pale mpini ulipokuwa umefunika, alama zilijitokeza. Kwanza mguu wa kunguru, alama ya fundi. Halafu herufi mbili: A.H. Arvo Hautala. Halafu tarakimu: 10-2013.

Nilisoma mara nyingi. Oktoba 2013. Arvo alizama Machi 2011.

Sikumbuki nilivyovaa koti. Nakumbuka nilivuka uwanja kwenda nyumba ya mama nikiwa na viatu vya ndani, theluji ikiniingia, na chuma kimefungwa kwenye kitambaa kifuani. Nilipaswa kunyamaza. Nilipaswa kulala, nifikiri, niulize watu. Mama yangu Lempi ana miaka themanini na mitano na moyo wake una kifaa cha umeme ndani. Nilimkuta anafuma soksi.

"Mama," nikasema. "Arvo hakufa."

Hakuinua uso. "Vua viatu, unaniloweshea sakafu."

Nikaweka chuma mezani. Nikamwonyesha kishimo, herufi, mwaka. Nikamkunja vidole vyake viwili, nikamshikisha. Alikishika muda mrefu. Kisha uso wake ukawa mwekundu, na nilidhani ni moyo.

"Miaka kumi na miwili," alisema. "Miaka kumi na miwili na hawezi kupiga simu! Akija hapa nitampiga kwa mwiko."

Halafu akaweka kichwa mezani.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa nilipiga picha alama ya mguu wa kunguru nikaiweka kwenye ukurasa wa mtandaoni wa watu wa nyembe. Mtu alijibu kabla kahawa yangu haijapoa: "Huyo ni Thibodeau wa Ashland. Alipata kiharusi, kaacha kazi. Na shingo hiyo vipi, ilikanyagwa na ng'ombe?" Nilipata namba ya binti yake. Alisema niende Jumatatu, baba yake huchangamka zaidi asubuhi.

Siku hizo tatu za kati, mama alitengeneza nywele. Aliniagiza nitoe mashuka ya kitanda cha Arvo nikayafue, ingawa nilikuwa nimeyafua mwezi uliopita. Jumapili hakwenda kanisani. Alisema hataki kuwaambia watu mpaka awe na mtu wa kuwaonyesha. Alioka mikate miwili ya iliki na akauonja unga mara tatu.

"Alisema sukari imepungua," alisema. "Sasa nimetia. Asije akapata la kusema."

Mimi nilimwangalia. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa, lakini bado nilikuwa naamini. Niliwaza Arvo yuko Wisconsin, ana ndevu nyeupe, anaona aibu. Niliandaa maneno ya kumwambia. Mengine yalikuwa ya matusi.

Ashland iko Wisconsin, mwendo wa saa mbili na nusu. Thibodeau anaishi kwenye nyumba ya wazee, chumba cha dirisha kubwa. Ni mtu mfupi, mkono wa kushoto umelala mapajani. Binti yake, Odette, alikuwa amekaa pembeni na boksi la viatu. Nilimpa mzee wembe. Nilikuwa nimeurudishia mpini kwa muda, kwa pini za waya wa shaba.

Aliufungua kwa mkono mmoja. Akausogeza karibu na jicho.

"Nani kapitisha tupa hapa?"

"Mimi."

"Mpumbavu."

"Ndiyo, mzee."

"Mara mbili," alisema. "Ningekuwa na mkono mwingine ningekuchapa." Alikuwa anazungumza polepole, mdomo umevutwa upande mmoja, lakini macho yalicheka. "Umeupata wapi huu?"

"Baba, tuliuza lile boksi," Odette alisema. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza nikiwa nimelala."

Nilishindwa kungoja. Nilisema, "Mzee, aliyeutumia ni kaka yangu. Niambie yuko wapi. Alikuja kuuchukua lini?"

Mzee alinitazama. Kisha akamtazama binti yake.

"Hakuja," alisema.

"Lakini umetumika. Umenolewa mara nyingi, mgongo umelika. Na mwaka ni 2013."

"Umenolewa na mimi. Nimeutumia mimi." Alipumzika, akanigeukia. "Binti, wewe ulishawahi kuagiza wembe kwa fundi?"

"Hapana. Mimi nasafisha za zamani za kiwandani."

"Basi hujui foleni. Nilikuwa natengeneza nyembe ishirini kwa mwaka, na watu hamsini wanangoja. Mtu anaandika barua leo, wembe anaupata baada ya miaka miwili na nusu, tatu. Huo mwaka hapo ni siku niliyomaliza. Si siku aliyoagiza."

Nilisikia kila neno. Odette aliniletea maji, akaweka glasi dirishani.

"Nilipomaliza nilipiga simu aliyoandika, namba ilikuwa imekatwa," mzee aliendelea. "Nikaandika barua, ikarudi. Nisingeweza kumuuzia mtu mwingine. Mkono gani ungeingia humo? Na mimi kila wembe hujinyoa nao kwanza mwenyewe kabla haujatoka karakana. Huo nilijinyoa nao, mwenyewe hakuja. Wiki iliyofuata nikajinyoa tena. Nikikunja vidole hivi viwili. Miaka saba, mpaka nilipoanguka."

"Mzee mkaidi," alisema Odette. "Alikuwa anajikata shavu kila Jumapili."

"Nilikuwa namtunzia. Wembe ukikaa tu unaota kutu. Si umeona?"

Nikamwambia kwamba Arvo alizama. Nikamwambia tarehe. Mzee alifumba macho, akanyoosha kidole kwenye boksi la viatu. Odette alipekua karatasi nyingi. Kila mteja alitakiwa kulaza mkono wake juu ya karatasi, auzungushie penseli, autume pamoja na barua, ili fundi ajue ukubwa. Odette alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ulikuwa mkono wa Arvo. Kidole gumba, cha pete, cha mwisho, na kati yao vilima viwili vifupi. Chini yake mwandiko wake mbaya, unaolala kushoto: "Bwana Thibodeau, miaka miwili na nusu ni sawa. Mimi na ndevu zangu tutangoja. Ukipata nafasi mapema usisite, mama ananiita mbuzi." Na tarehe juu: 19 Machi 2011.

Wiki moja kabla.

Odette alinipa karatasi ile niondoke nayo. Mzee naye alitaka kunirudishia wembe, kisha akaushikilia kidogo.

"Hizo alama mbili za tupa," alisema, "usizisugue. Utazidi kuharibu. Ziache."

Niliendesha gari kurudi nikiwa sijui nitamwambia nini mama. Nilisimama mara mbili pembeni mwa barabara. Nilipoingia jikoni kwake saa tisa alikuwa amevaa gauni la buluu, na meza ilikuwa na sahani tatu.

Alitazama nyuma yangu, mlangoni. Akaendelea kutazama hata baada ya mimi kuufunga.

"Yuko garini?"

"Mama, hayupo. Nilikosea."

Nilimweleza foleni. Nilimweleza vibaya, nikarudia. Yeye alikuwa amesimama, ameshika kiti kwa mikono yote miwili.

"Uliniambia," alisema.

"Najua."

"Nilikuwa nimeshazoea, Verna. Ukaja na viatu vimelowa ukaniambia."

Nimewahi kumwona mama akizika mume na dada zake watatu, lakini sijawahi kuuona uso ule. Nilitoa karatasi, kwa sababu sikuwa na kitu kingine, nikaifungua mbele yake juu ya sahani. Alitafuta miwani. Aliukagua mkono kwanza. Aliweka kidole chake juu ya mstari wa penseli, akauzungusha kuanzia kwenye gumba, akapanda na kushuka vile vilima viwili, mpaka mwisho. Kisha akasoma. Alisoma kwa sauti, na alipofika kwenye mbuzi alisimama.

"Nilikuwa namwita hivyo kweli," alisema.

"Ndiyo."

"Aliandika lini?"

"Machi kumi na tisa."

"Jumamosi?"

"Jumamosi. Ile iliyotangulia."

Alikaa.

"Miaka miwili na nusu," alisema. "Alikuwa anangoja kitu cha miaka miwili na nusu."

"Ndiyo, mama."

"Basi alikwenda kuvua samaki."

Niliitikia kwa kichwa.

"Kwenye barafu mbovu kama ile," alisema. "Mjinga yule. Mjinga mkubwa!" Akapiga meza kwa kiganja, sahani zikaruka. Alikuwa analia kwa hasira, kama mama anavyomlilia mtoto aliyevuka barabara bila kutazama. Tangu Arvo azame sikuwahi kumsikia akimkasirikia kwa kuzama kwake, na mpaka siku ile sikujua kwamba hasira hiyo ilikosekana. Kisha akainuka mwenyewe, akachukua sahani ya tatu, akairudisha kabatini.

Tulikula mkate wa iliki. Sukari ilikuwa imezidi.

"Kesho mpigie yule mtu wa mawe ya makaburi," alisema.

"Tuandike nini?"

"Jina na miaka. Unataka kuandika gazeti?"

Wembe niliumalizia Desemba. Niliufunga kwa pini mpya za shaba, nikaugongea vichwa kwa nyundo ndogo, nikaunoa kwenye mawe ya Arvo kisha kwenye mkanda wa ngozi, mpaka ukakata unywele uliosimama. Alama mbili za tupa bado zipo. Uko kwenye rafu ya sauna, mahali alipokuwa anaweka wake, na kila Jumamosi naufuta kwa mafuta.

Mtu wa mawe amesema ardhi ya makaburini imeganda futi nne kwenda chini. Jiwe limeshachongwa, liko karakanani kwake, na litasimikwa wiki ya pili ya Juni.